Crohn kwenye njia ya misafara: ugonjwa ambao Tabora haijauhesabu

Mwezi Oktoba 1873 msafara mdogo uliingia Kwihara, jirani na Tabora, ukiwa na maiti iliyokaushwa kwa chumvi na jua, ikaviringishwa kwa kitambaa na magome ya mti. Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa marehemu, walikuwa wakiipeleka pwani. Miezi mitano kabla, kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwenzao mmoja aitwaye Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari kule Unguja, ndiye aliyempasua marehemu huyo, mmisionari David Livingstone, ili kutoa matumbo kabla ya kukausha mwili. Upande wa kushoto alikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu.

Kwa karne ile na kwa njia ile ya misafara, hapakuwa na uchunguzi wa tumbo uliokwenda ndani zaidi ya huo. Livingstone alikuwa ametokwa damu kwa miaka mingi, na huko nyuma alikuwa amekataa kupasuliwa bawasiri alipokuwa Uingereza. Hata hivyo vitabu vya historia vilitosheka na jibu fupi: aliugua kuhara damu.

Hakuna sababu ya kumpachika Livingstone ugonjwa ambao ulikuwa bado haujapewa jina. Kisa chake kinafaa kwa jambo jingine. Kati ya Bagamoyo na Ujiji walipita maelfu ya wapagazi kila mwaka, na matumbo yao yaliandikwa kwa mkato huohuo. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwezi Novemba 1857, waliandika homa na kuhara. Waliokuja nyuma yao waliandika vivyo hivyo. Nani alihara wiki moja akapona, nani alihara miaka mitano akakonda hadi kufa, hilo halikupata kalamu.

Alikuwapo mtu mmoja aliyejaribu kufanya vizuri zaidi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliuona mlipuko wa kipindupindu wa 1869 na 1870, kisha akaanza kuwauliza viongozi wa misafara na wafanyabiashara: mmeukuta wapi, lini, ukielekea upande gani? Majibu yao aliyapanga katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876, na kwa maneno ya watembea kwa miguu akachora njia ya ugonjwa kutoka bara hadi visiwani. Hakuwa na maabara. Lakini kipindupindu ni ugonjwa unaojitangaza: mtu mzima asubuhi, jioni ni maiti. Ugonjwa unaokuja taratibu, ukalala, ukarudi tena baada ya miezi sita, hauwezi kufuatiliwa kwa namna hiyo.

Crohn ni wa aina hiyo ya pili.

Ni uvimbe wa kudumu wa njia ya chakula, ambao unaweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ingawa mahali unapopapenda ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Hushika kipande, ukaruka kingine kikabaki kizima, ukashika cha mbele yake. Huchimba ukuta wa utumbo hadi upande wa pili, na wakati mwingine hutoboa mfereji hadi kwenye ngozi karibu na haja kubwa. Mgonjwa hukonda, huharisha, hutoka damu, hupata maumivu ya tumbo upande wa kulia chini, hupungukiwa damu. Mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 35, umri wa kusoma, kuoa au kuolewa, na kujenga nyumba. Hauambukizi. Chanzo chake hakijulikani chote. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya mwili huwashambulia isivyostahili wadudu wa kawaida wanaoishi utumboni, na utumbo wenyewe ndio unaoumia. Una ndugu, kolaitisi ya vidonda, ambaye hukaa kwenye utumbo mpana peke yake.

Jina limetoka New York. Mwaka 1932 madaktari watatu wa Hospitali ya Mount Sinai, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walichapisha habari za wagonjwa 14 waliovimba mwisho wa utumbo mwembamba. Majina yalipangwa kwa alfabeti, C ikatangulia, na kwa sababu ndogo kama hiyo Ginzburg na Oppenheimer wamesahauliwa na dunia. Aliyesahauliwa zaidi ni Kennedy Dalziel, mpasuaji wa Glasgow, aliyewaeleza wagonjwa 13 wa namna hiyo mwaka 1913 na kusema kuwa matumbo yao yalifanana na ya ng'ombe wenye ugonjwa wa kuharisha uitwao Johne. Mwezi Juni 1956, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopasuliwa kwa ugonjwa huo, magazeti yakaubeba hadi vijijini mwa nchi yake.

Swali linalowashughulisha wataalamu tangu hapo ni jepesi kulitamka: je, Crohn anaongezeka? Mji wa Cardiff, Wales, ni miongoni mwa miji michache iliyoweka kumbukumbu kwa muda wa kutosha kulijibu. Katika miaka ya 1930 waliogunduliwa upya kwa mwaka hawakufika mtu mmoja kwa kila wakazi 100,000. Kufikia nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 walikuwa kama wanane, kisha mwinuko ukatulia. Sehemu ya kupanda huko ni macho ya madaktari kufunguka, hilo halina ubishi. Lakini kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana ilianza kuzoeleka miaka ya 1970, na wakati huo wagonjwa wa Cardiff walikuwa wameshaanza kuongezeka kwa miongo kadhaa. Kitu fulani katika maisha ya watu kilikuwa kimebadilika.

Kumbukumbu nyingine ndefu ni ya wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, yenye mji wa Rochester na kliniki ya Mayo. Tangu 1966 mafaili ya wagonjwa wa wilaya nzima yameunganishwa kwa ajili ya utafiti, hata ya miaka ya nyuma. Hadi Januari 2011, katika kila wakazi 100,000 walikuwamo takriban 247 walio hai na Crohn, na wapya walikuwa kama 11 kwa mwaka.

Tofauti ya namba hizo mbili inastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa ndipo wasomaji wengi wa habari za afya hupotea. Wapya ni wale waliogunduliwa mwaka huu. Walio hai nao ni mkusanyiko wa miaka yote. Kijana anayegunduliwa akiwa na miaka 22, akatibiwa vizuri na kufika miaka 75, atahesabiwa kwenye kundi la pili kwa miaka 53. Kwa hiyo nchi inaweza kusimamisha kabisa ongezeko la wapya, na bado jumla ikazidi kukua kwa kuwa wanaoingia ni wengi kuliko wanaofariki. Hilo ndilo linaloonekana Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako kwa Crohn na nduguye kwa pamoja wamefika zaidi ya watu 300 kwa kila 100,000. Makadirio ya dunia yanasema waliokuwa na magonjwa haya mawili walikuwa milioni 3.7 mwaka 1990, na milioni 6.8 mwaka 2017.

Gilaad Kaplan wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ameyapanga mabadiliko haya kwa hatua: kwanza wagonjwa wa hapa na pale, kisha wapya wanaongezeka kwa kasi, kisha jumla inalimbikizana, na mwishoni mizani hutulia. Afrika Mashariki, kwa mpango huo, bado iko hatua ya kwanza au inainua mguu kuingia ya pili. Bara ya Tanzania imo humo. Kujua ni wapi hasa kunataka daftari.

Na madaftari, Tabora haikuyakosa. Kilomita chache kusini mwa mji, njiani kuelekea Sikonge, iko Kipalapala. Mapadri Weupe waliweka kituo hapo katika miaka ya 1880, wakaondoka mwaka 1889 mambo yalipowaendea vibaya katika utemi wa Unyanyembe, na baadaye Kipalapala ikawa makao ya seminari kuu ya Mtakatifu Paulo na ya kiwanda cha uchapaji cha Kanisa, TMP, ambacho vitabu vyake vimeingia katika nyumba nyingi za Tanzania. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, aliamuru kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Juu ya hizo kuna vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Mtu akitaka kujua nani alizikwa na lini, parokia za upande huu zinaweza kumjibu vizuri kuliko ofisi nyingi za serikali za zama hizo. Akitaka kujua alizikwa kwa ugonjwa gani, ukurasa unanyamaza, au unasema homa.

Njia ya misafara aliipitia pia Adrian Atiman, kijana aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akakombolewa utumwani, akasomea tiba Malta kwa gharama ya Lavigerie, na kufika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Katika miaka hiyo 67 alikutana na matumbo ya kila namna. Hata kama mmoja wa wagonjwa wake alikuwa na Crohn, hapakuwa na njia ya kumtofautisha na wengine, wala hadi Atiman anafikia uzee hapakuwa na jina la kumwandikia.

Aliyelifanya tumbo la Mwafrika wa Mashariki kuwa jambo la hesabu alikuwa mpasuaji mwenye jicho moja. Denis Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho utotoni, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi Mulago, Kampala. Anajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, ambayo mwaka 1961 aliifuatilia kwa safari ya gari ya kama maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Safari ile ilimpa tabia nyingine: kuandikia hospitali za misheni na kuzitumia fomu fupi za kujaza kila mwezi. Mmeona kidole tumbo wangapi? Mawe ya nyongo? Saratani ya utumbo mpana? Zaidi ya hospitali mia moja zilimjibu, na majibu mengi yalikuwa sifuri au karibu na hapo. Mwenzake Hugh Trowell, daktari wa Mulago pia, alikuwa amekwisha kuandika kitabu kizima mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika na yale yasiyoonekana.

Burkitt alipima hata kinyesi, kwa uzito. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1972 yaliwachekesha wengi na kuwafikirisha wachache: mwanakijiji wa Uganda alitoa kama gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu, baharia wa Uingereza alitoa kama gramu 104, baada ya siku tatu na zaidi. Burkitt alihitimisha kuwa siri ni makapi ya nafaka. Mtu wa Tabora anaielewa hoja hiyo bila kusomea udaktari, kwa kuwa kila siku dukani anachagua kati ya dona na sembe, na mara nyingi anachagua sembe kwa sababu ni nyeupe.

Hoja ya Burkitt ilikuwa na ufa, na ni haki kuusema. Fomu zake zilihesabu waliofika hospitali, tena hospitali zenye daktari wa kuandika. Asiyefika hakuwapo. Katikati ya miaka ya 1960, Mulago hiyohiyo, madaktari wengine walitoa ripoti ya wagonjwa wanne wa Kiafrika wenye kolaitisi ya vidonda, wakati ambapo vitabu vya Kiingereza vilielekea kusema haiwapati. Wanne ni wachache. Lakini sifuri haikuwa sifuri tena.

Namba bora za Afrika za wakati huo zilitoka Cape Town. Kati ya 1980 na 1984 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa Crohn kwa kila watu 100,000 kwa mwaka: Wazungu 2.6, watu ambao sheria za ubaguzi ziliwaita machotara 1.8, na Waafrika weusi 0.3. Huenda damu ina sehemu yake, maana mabadiliko ya jeni iitwayo NOD2, yaliyogunduliwa mwaka 2001 kuwa yanaongeza uwezekano wa kuugua Crohn kwa watu wa asili ya Ulaya, ni adimu sana kwa Waafrika. Lakini namba hizo zilikusanywa katika nchi ambamo hospitali, mtaa na hata benchi la kukalia viligawanywa kwa rangi. Kusoma 0.3 kana kwamba imeandikwa na maumbile peke yake ni kuisoma kwa jicho moja, na safari hii si la Burkitt.

Tuje basi Tabora ya sasa. Kijana wa wilaya ya Uyui au Kaliua mwenye tumbo linalouma na kuharisha kwa miezi mitatu ataanzia duka la dawa, ambako atapewa flajili kwa kudhaniwa ana amiba. Isiposaidia, zahanati itampima taifodi, na jibu la kipimo cha damu, ambacho mara nyingi hudanganya, litasema anayo. Akifika mbali zaidi ataambiwa ana vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao kila mtu mtaani anaujua na kila mtu ana dawa yake. Kando ya mabwawa na mashamba ya mpunga kuna kichocho cha matumbo, nacho huleta damu. Akitokwa usaha karibu na haja kubwa ataitwa mwenye jipu au bawasiri, na ndugu wataanza kunong'ona kuhusu kurogwa. Maumivu yakikaza upande wa kulia, atapasuliwa kidole tumbo.

Na wale waliougua katika miaka ya 1980 na 1990? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda walieleza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya wa Rakai uliokuwa ukiwakondesha watu na kuwaharisha, ambao wenyeji waliuita kwa jina la wembamba, Slim. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, kijana aliyekonda na kuhara hakuulizwa sana. Majirani walikwisha kutoa hukumu. Kama miongoni mwao walikuwamo wa Crohn, na hesabu za uwezekano zinasema hawakukosekana, walizikwa na jina la ugonjwa mwingine, pamoja na aibu yake. Upimaji wa VVU uliposambaa, jibu hasi lilianza kuwa na faida yake: lilimlazimisha daktari aendelee kutafuta.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni TB. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na TB ya matumbo hupenda pembe ileile ambayo Crohn anaipenda, mwisho wa utumbo mwembamba. Kwenye kamera vidonda hufanana. Kinyama kilichokatwa na kutazamwa kwa darubini huonesha vinundu katika magonjwa yote mawili. Vya TB mara nyingi huwa vimeoza katikati, lakini si kila mara, na vimelea vyenyewe ni vigumu kuvikamata. Kukosea hapa ni hatari. Crohn hutulizwa kwa prednisoloni na dawa nyingine zinazoshusha kinga ya mwili. Mwenye TB akipewa hizo bila dawa za TB, ugonjwa unasambaa. Ndiyo maana daktari mwangalifu wa ukanda huu huanza na dozi ya TB na kuangalia miezi inayofuata. Ni uamuzi wa busara. Tokeo lake kwenye takwimu ni kwamba mgonjwa wa Crohn huandikwa kwanza kwenye daftari la TB, na wengi hawarudi kufutwa humo.

Kwa anayepata rufaa, safari ni ndefu. Muhimbili iko Dar es Salaam. Bugando iko Mwanza, KCMC iko Moshi, zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, na kwa muda mrefu hizo tatu ndizo zilizobeba vipimo vya kamera na maabara za tishu kwa sehemu kubwa ya nchi. Huko ndiko wagonjwa wa Crohn wa Tanzania hujulikana, mmoja mmoja, wengi wakiwa wameshahangaika miaka. Mtoto wa mkulima wa Sikonge akigunduliwa Mwanza, huongezeka kwenye idadi ya Mwanza.

Kuna pia suala la karatasi. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, Crohn ana alama yake, K50, na nduguye ni K51. Lakini daftari la wagonjwa wa nje katika mfumo wa taarifa za afya nchini, MTUHA, limepangwa kwa yale yanayoua wengi: malaria, nimonia, kuhara, kuhara damu, minyoo. Ugonjwa wa nadra huanguka kwenye kundi la magonjwa mengine ya tumbo, na ukishaanguka humo hakuna anayeweza kuutoa baadaye. Wizara haiwezi kulaumiwa kwa kutanguliza malaria. Ila matokeo yake yafahamike.

Je, inawezekana basi kwamba Crohn alikuwapo kwa wingi siku zote, na aliyekosekana ni mhesabuji tu? Ushahidi wa wahamaji unakataa. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu walihamia Leicester, Uingereza, wakawakuta wenzao waliotangulia kutoka Kenya na Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa mji huo walichapisha hesabu zao. Kolaitisi ya vidonda ilikuwa kama mara mbili zaidi kwa watu wa asili ya Kihindi kuliko kwa Waingereza wenyeji, ilhali Crohn alikuwa mchache kwao. Watu waliokuwa wamefungua maduka Kampala, Mwanza na Tabora bila sifa yoyote ya kolaitisi, katika mji mpya wakawa nao kuwazidi wenyeji. Kanada imetoa picha nyingine: katika utafiti wa jimbo la Ontario uliochapishwa mwaka 2015, wahamiaji wenyewe walikuwa na magonjwa haya kwa kiasi kidogo kuliko wenyeji, na kadiri mtu alivyofika akiwa mdogo ndivyo hatari ilivyozidi. Watoto waliozaliwa huko na wazazi kutoka Afrika kusini mwa Sahara walikaribiana na watoto wa Wakanada wengine. Kizazi kimoja kinatosha.

Kinachobadilika ndani ya kizazi hicho ndicho kinachotafutwa. Antibiotiki nyingi utotoni hutajwa, na vyakula vya viwandani. Minyoo pia: watafiti wa Iowa waliwahi kuwanywesha wagonjwa 29 wa Crohn mayai ya minyoo ya nguruwe kila baada ya wiki tatu, wengi wakapata nafuu, na mwaka 2005 habari hiyo ikasambaa kote. Majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuonesha faida, kwa hiyo mzazi asisite kumpa mtoto dawa ya minyoo shuleni. Kitu kimoja kina uhakika kuliko vingine, nacho ni sigara. Kuvuta huongeza hatari ya Crohn takriban maradufu. Hapo Tabora ina nafasi ya ajabu kidogo. Baada ya mradi wa Waingereza wa karanga ulioanza 1947 kuanguka, Urambo iligeukia tumbaku, na mkoa ukawa kinara wa zao hilo nchini. Jani lake kubwa husafirishwa nje, likavutwe kwingine.

Sasa hesabu ya karatasi, ambayo msomaji aichukue kwa tahadhari. Sensa ya 2022 iliikuta Tabora na watu 3,391,679. Kwa kiwango cha Waafrika weusi wa Cape Town ya miaka ya 1980, mkoa ungekuwa na wagonjwa wapya kumi kwa mwaka. Kwa kiwango cha Olmsted wangekuwa zaidi ya 360, na walio hai nao zaidi ya 8,300. Ukweli uko mahali kati ya namba hizo, kuna kila sababu ya kuamini kwamba uko karibu zaidi na ya chini, na hautasimama hapo kwa muda mrefu mahali ambapo soda na chipsi mayai vimeshafika senta za vijijini.

Gharama nayo ina neno. Prednisoloni ni ya bei nafuu na hutuliza moto, ila haifai kutumiwa miaka. Azathioprini hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Dawa za sindano zilizobadili maisha ya wagonjwa Ulaya tangu infliksimabu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1998 ni ghali kupita kipato cha mkulima, hata baada ya Shirika la Afya Duniani kuingiza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Serikali hainunui dawa ya ugonjwa ambao takwimu zake zinasema haupo.

Kwa mgonjwa, dalili za kumpeleka mbele zaidi ya duka la dawa si ngumu: kuharisha kunakopita wiki nne, hasa kunakomwamsha usiku; damu kwenye choo; kukonda bila sababu; usaha unaorudi karibu na haja kubwa; mtoto asiyekua. Na karatasi za vipimo vya nyuma zisitupwe.

Kwa mkoa, kazi si kubwa kama inavyosikika. Kitete, Nkinga, Ndala na Sikonge ni hospitali nne zinazowapokea wengi wa wagonjwa wagumu wa upande huu. Ingetosha mtu mmoja katika kila moja aandike mambo matano: umri, jinsia, wilaya anakotoka mgonjwa, kipimo kilichofanyika, na jibu la maabara ya tishu, hata kama limetoka Mwanza au Dar es Salaam. Kwa kiwango cha Cape Town wangepatikana kumi kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wakipatikana watatu, mahali pa kuanza kuwatafuta saba waliobaki ni orodha ya waliomaliza dozi ya TB ya tumbo bila kupona.